Mtoto Asiyeweza Kusoma: Kosa ni la Nani?

 

Leo tunaandika juu ya jambo ambalo halihubiriwi mara nyingi, lakini linaliza mama wengi. Ni jambo la mtoto anayekwenda masomoni kila siku, mwaka kwa mwaka, na hajui kusoma. Si mtoro. Si kiziwi. Si mjinga pia, maana ukimtuma sokoni atarudi na franka zilizobaki bila kupungua, na habari zote za njiani. Lakini ukimpa kitabu, herufi zinamshinda. Tunauliza: kosa ni la nani? Na swali la pili, ambalo ni kubwa kupita la kwanza: sisi tunaomzunguka tunadaiwa nini kwake?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Si haki kuonyesha kibanzi cha jirani na kuficha boriti yetu.

Kulikuwa na kijana mmoja wa kwetu, wa miaka kumi na mmoja. Jina lake hatulitaji. Nyimbo za ibada alizijua zote, beti kwa beti, akikosa mtu wa kuanzisha yeye alianzisha. Radio ikiharibika aliifungua na kuifunga tena ikisema. Lakini kalasi ya tatu aliirudia mara mbili. Dikte yake ilirudi imejaa wino mwekundu. Neno moja aliliandika kwa namna tatu katika ukurasa mmoja. Baba yake alimpiga, akidhani ni uvivu. Wenzake walimpa jina la mnyama. Ndipo wakamleta kwetu ili aombewe.

Tulimwombea, na hilo hatulijutii. Lakini mmoja wetu alisema kwamba kuna mtu aliyefunga kichwa cha mtoto. Hakumtaja mtu. Hakuhitaji kumtaja, maana jamaa wote walimtazama nkambo wake, mama mzee aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Nasi tulinyamaza. Baada ya juma mbili mama yule alifunga vitu vyake akatoka katika lupango. Na mtoto hakuanza kusoma. Aliacha masomo, akaonekana na mfuko begani, akienda kuokota mawe pamoja na wakubwa.

Mama mmoja wa kanisa, aliyekuwa mwalimu zamani, ndiye aliyetufumbua macho. Alimketisha mtoto, akamwambia hadithi ndefu kwa mdomo, kisha akamwuliza maswali. Mtoto alijibu yote, hata yale ambayo sisi watu wazima tulisita. Akampa hadithi ileile kwenye karatasi: mstari mmoja ulimchukua dakika nyingi, na jasho likamtoka. Mama akatugeukia, akasema: kichwa hiki hakikufungwa, mlango mmoja tu ndio mzito.

Wapendwa, jambo hili lina jina. Waganga wa hospitali na walimu wanaliita disleksia. Jina lilitolewa mwaka 1887 na Rudolf Berlin, mganga wa macho wa huko Stuttgart, Ujerumani. Mwaka 1896 mganga Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Kijana huyu alikuwa na akili nyepesi na macho mazima, na alifundishwa tangu utoto, lakini kusoma kulimshinda, hata jina lake mwenyewe aliliandika Precy. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana huyo angepita wote katika shule. Tazameni: ni mtoto wa Kiingereza, wa zaidi ya miaka mia iliyopita, naye anafanana na mtoto wetu wa Kolwezi kama ndugu wa tumbo moja. Je, huyo Percy naye alifungwa kichwa na nkambo wa Katanga?

Tangu siku zile watu wamechunguza sana, na mambo haya yamejulikana. La kwanza, disleksia si upungufu wa akili. Iko kwa wenye akili nyingi na kwa wenye akili ya kawaida. La pili, chanzo chake kiko katika namna ubongo unavyounganisha sauti za maneno na alama zinazoandikwa. Mtoto anasikia neno vizuri, lakini kulikata vipande vidogo vya sauti na kukipa kila kipande herufi yake ndiyo kazi inayomlemea. La tatu, mara nyingi inapita katika jamaa: pengine baba anayempiga mtoto aliteswa na herufi zilezile, akaficha maisha yake yote. La nne, haiambukizi, wala si adhabu. La tano, haiondoki kama homa, lakini mtu akifundishwa kwa njia inayomfaa, anaweza kusoma.

Nao si wachache. Wataalamu wengi wanakadiria kwamba kati ya watu 100, kama 5 hadi 10 wana shida hii, kwa wengine ndogo, kwa wengine kubwa. Basi katika kalasi ya watoto 60 wanaweza kuwa 3 hata 6. Tangu masomo ya msingi ya serikali yalipofanywa ya bure mwaka 2019, watoto wengi waliingia, na tunamshukuru Mungu. Lakini kalasi zilijaa. Mwalimu mwenye watoto wengi vile hawezi kumwona yule wa nyuma anayesogeza midomo akijifanya kusoma.

Tena kuna jambo la lugha. Mtoto wetu anazaliwa katika Kiswahili, kisha kitabu kinasema naye kwa Kifaransa. Kwetu neno maji lina herufi nne na sauti nne: m, a, j, i. Kila herufi inasema sauti yake, haidanganyi. Kifaransa kinaandika e, a, u, halafu kinatamka o. Hata mtoto asiye na shida anastaajabu! Mwaka 2001 wachunguzi walilinganisha watu wenye disleksia wa Italia, wa Ufaransa na wa Uingereza. Katika ubongo udhaifu ulikuwa uleule kwa wote, lakini Waitalia walisoma vizuri zaidi, kwa sababu maandishi ya lugha yao ni manyofu. Na Kiswahili chetu kinaandikwa kwa unyofu kama Kiitaliano. Maana yake, mtoto aliyelemewa aanzie katika Kiswahili, apate miguu kwanza. Kifaransa kitafuata.

Lakini tusikimbilie kusema kila asiyesoma ana disleksia. Mwingine haoni ubao, anahitaji miwani. Mwingine sikio lake moja limeziba. Mwingine anakwenda masomoni na njaa. Mwingine alipoteza miezi mingi kwa sababu ya ugonjwa au kuhama. Mwingine hakupata mwalimu. Hayo yote yachunguzwe kwanza. Hekima ni kuuliza kabla ya kuhukumu.

Sasa turudi kwenye swali: kosa ni la nani? Wanafunzi wa Bwana waliuliza hivyohivyo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu. Walitaka kujua mwenye dhambi ni nani, yeye au wazazi wake. Someni Yohana sura ya 9. Bwana alikataa mlango wote wa swali lile. Hakuwapa jina la mtu wa kumlaumu, aliwaonyesha kazi ya kufanya. Na sisi tunaojiita wana wa unabii, mara ngapi tumesimama pamoja na wanafunzi wale, tukitafuta mwenye kosa? Neno linalomwangusha mama mzee na kumwacha mtoto palepale alipokuwa, limejenga nini?

Na Kaisari pia amesema. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu jambo hilo kwa kifungo. Lakini tusingoje polisi ili tufanye haki. Mtoto anayeitwa mchawi kwa sababu hajui kusoma, au mzee anayefukuzwa kwa sababu ya mjukuu asiyejua kusoma, hao ni damu mikononi mwetu kabla ya kuwa kesi katika tribinali.

Wengine watasema: ninyi mnaondoa maombi. Sivyo. Tuangalie habari ya Musa katika Kutoka sura ya 4. Musa alimwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu aliyeumba kinywa angeweza kuufanya mwepesi palepale. Lakini katika sura ile hatusomi kwamba ulimi ule uliponywa. Tunasoma kwamba Musa alipewa Haruni. Jibu la maombi lilikuwa ndugu! Tena angalieni vizuri: Haruni hakupewa fimbo ya Musa wala kiti chake. Musa alibaki kiongozi, Haruni akawa kinywa. Msaada wa kweli haumnyang'anyi mtu nafasi yake.

Na jambo hili tunalijua tayari katika ibada yetu. Mhubiri anaposimama, msomaji anasimama kando yake. Mhubiri anaita andiko, msomaji analisoma kwa sauti, mhubiri analifungua. Kuna wazee kati yetu ambao hawakukanyaga kalasi, nao wanafungua Neno hata wasomi wanalia. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mzee yule amependelewa kwa kuwa ana msomaji. Kwa nini basi tunampa mzee msomaji, na mtoto tunampa fimbo?

Hapo tumefika kwenye neno la upendeleo. Baba mmoja alituuliza: mkimsomea mtoto maswali kwa sauti, au mkimwongezea wakati, wenzake wamekosa nini? Ni swali la haki, tulijibu kwa haki. Ukiwapa watu wote viatu vya namba 40, umewapa sawa, lakini hukuwavisha wote. Mwenye miwani akivaa miwani hawaibii wenye macho mazuri. Mtihani unataka kujua mtoto anaelewa nini katika hesabu au historia. Ukimzuia kwa mlango wa herufi, hukupima hesabu yake, ulipima mlango.

Mwingine alisema: mkimpa mtoto jina la ugonjwa, atakaa tu. Hofu hiyo si ya bure. Jina linaweza kuwa godoro la kulalia. Lakini mtoto huyu si mvivu. Kwa ukurasa mmoja anafanya kazi ambayo mwenzake anafanya kwa kurasa tano. Tukijua mzigo wake, tutamdai kazi inayomfaa, tena tutamdai kweli, kila siku, kidogokidogo. Anayesamehewa kazi yote ameachwa pia, kwa maneno mazuri.

Na wako wanaosema: Roho anatosha, herufi za nini? Ndugu, tazama maisha ya mji wetu. Mchimbaji anafika na mifuko yake kwa wanunuzi, na bei imeandikwa kwenye ubao. Mama anapewa dawa, na kipimo kimeandikwa kwenye karatasi. Baba anaonyeshwa mkataba, anaambiwa tia kidole hapa. Asiyesoma anaibiwa mchana. Kusema Roho anatosha, na wewe mwenyewe unajua kusoma, ni kumwambia mwenye njaa kwamba umeshiba.

Lakini pia tusifanye herufi kuwa mungu. Thamani ya mtu haikuandikwa katika pwenti zake. Wazee wa Baluba waliweka historia ya wafalme katika lukasa, ubao mdogo wenye shanga, na mwenye kumbukumbu alipitisha kidole akisimulia. Wazee wa Wachokwe wa upande wa Dilolo walichora sona katika mchanga, nukta na mistari, huku wakifundisha hadithi. Na mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili habari za mji wa Elisabethville kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu. Maandishi yake hayafuati kanuni za shule, maneno mengine yamekatwa pasipostahili, lakini ukiyasoma kwa sauti unasikia historia nzima ya Lubumbashi. Wataalamu waliyachapisha mwaka 1990, na hata leo wanajifunza kwake. Mwalimu wa dikte angempa sifuri. Sisi watu wa migodi tunajua: jiwe la kijani linavutia macho, lakini lile jeusi lisilong'aa ndilo lenye kobalti.

Basi tufanye nini? Tunatoa mashauri haya kwa kila parokia na kila kikundi cha maombi.

Kwanza, kicheko kikome. Mtoto asiitwe punda, si nyumbani, si katika kwaya, si katika masomo ya kidini. Asilazimishwe kusoma andiko mbele ya watu kama hakujitayarisha. Apewe fungu lake siku tatu mbele, ajizoeze na mtu anayempenda.

Pili, kabla ya kusema neno la roho, wazazi waulizwe maneno ya mwili: macho yamepimwa? Masikio? Anakula nini asubuhi? Na katika jamaa, nani mwingine aliteswa na kusoma?

Tatu, kila parokia itafute watu wawili au watatu wenye saburi: mwalimu aliyestaafu, mama anayejua kusoma, kijana wa sekondari. Baada ya ibada na siku mbili katikati ya juma, wakae na watoto hawa, nusu saa tu. Hakuna haja ya franka nyingi. Katika miaka ya 1930 huko Marekani, mganga Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham walifundisha kutumia jicho, sikio na mkono pamoja: mtoto anaona herufi, anatamka sauti yake, anaichora kwa kidole, hata katika mchanga. Mchanga tunao! Anza na sauti moja, kisha mbili, kisha silabi: ma, me, mi, mo, mu. Usipite mbele kabla ya la nyuma kukaa. Rudia bila hasira.

Nne, wazazi wasiende peke yao kwa mwalimu na direkta. Mzee mmoja awasindikize, si kugombana, bali kuomba: mtoto akae mbele, asomewe maswali, ajibu mara nyingine kwa mdomo. Walimu wamelemewa. Wakiona kanisa linakuja kusaidia na si kushitaki, wengi watasikia.

Tano, tusisahau watu wazima. Kati yetu kuna baba wanaojifanya wamesahau miwani. Awepo ndugu mwaminifu wa kuwasomea karatasi za hospitali na mikataba, mwenye kufunga mdomo. Na kijana mwenye mikono mizuri apewe kazi ya mikono, kushona, kuunganisha vyuma, umeme, si kama adhabu ya kushindwa, bali kama kipawa, na asome pia.

Msiseme haiwezekani. Huko Kitengela, karibu na Nairobi, katika nchi ya Kenya, iko shule inayoitwa Rare Gem Talent, kwa ajili ya watoto wa namna hii. Sisi hatusemi tujenge shule kesho. Tunasema tuanze na mkeka, mchanga, na mtu mmoja mwenye saburi.

Mtasema: na yule kijana? Amerudi masomoni. Anasoma Kiswahili polepole, kidole chini ya neno, na Kifaransa bado kinampiga. Siku moja alisoma aya mbili mbele ya kanisa lote. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyekohoa.

Kwa nkambo wake tulikwenda watu wanne, pamoja na yule aliyesema neno lile. Tulipiga magoti, tukaomba radhi. Alitupa maji ya kunywa, akasema amesamehe. Lakini mpaka leo hajarudi kulala katika lupango ule. Mjukuu wake ndiye anayekwenda kwake, na daftari mkononi, kumsomea.

Wapendwa, neno likitoka halirudi kama lilivyotoka. Tulinde vinywa vyetu, tutoe mikono yetu. Penye mtoto mwenye mlango mzito, awepo Haruni.

Amani kwenu nyote. Amina.